Namna ya kupanda mitende kwenye sehemu za baridi kali na kuivusha salama

Ukimwambia mtu kuna mtende unalala chini ya theluji na mwaka unaofuata unatoa makuti mapya kama kawaida, anakuona unapiga porojo. Ila ipo, na wala sio aina moja. Huu mwongozo ni wa jinsi ya kuichagua, kuipanda na kuivusha kipindi cha baridi, na nikisema mtende hapa namaanisha jamii yote ya minazi na mitende, sio ule wa tende peke yake.

Kabla hujashika jembe elewa kitu kimoja, maana hatua zote huko chini zinarudi hapohapo. Mtende una moyo mmoja. Ile sehemu laini ya juu kabisa, katikati ya makuti, ambapo kila kuti jipya linatokea, ndo sehemu pekee inayoufanya urefuke. Mwembe ukiukata juu unachipua pembeni na maisha yanaendelea, ila mtende wa shina moja moyo ukioza ndo basi tena. Makuti ni habari nyingine kabisa, yanaweza kuungua na baridi yote yakawa kahawia na mti wenyewe ukawa mzima, ukatoa mengine. Kwa hiyo unacholinda ni moyo, na kinachoua moyo mara nyingi sio baridi peke yake, ni baridi ikishirikiana na maji.

HATUA YA 1: Ijue baridi ya kwako

Tafuta kujua hapo ulipo panashuka mpaka digrii ngapi, na usiangalie mwaka jana tu, rudi nyuma miaka 10 au 15, kwa sababu mtende unaweza kukaa miaka kibao bila shida halafu usiku mmoja tu ukaumaliza. Nunua themometa inayotunza kumbukumbu ya kiwango cha chini kabisa, itundike palepale unapotaka kupanda. Taarifa ya hali ya hewa inapimwa kwingine na bustani yako inaweza kupishana nayo digrii kadhaa.

Wauzaji wengi wa miche wanaandika kanda zile za wizara ya kilimo ya Marekani, ambazo zimepangwa kwa wastani wa kiwango cha chini kabisa kinachofikiwa kila mwaka. Kanda ya 9 inaanzia -6.7 mpaka -1.1 Selsiasi, kanda ya 8 ni -12.2 mpaka -6.7, kanda ya 7 ni -17.8 mpaka -12.2. Sio mbaya kwa kuanzia ila usiiabudu hiyo namba, inakwambia baridi inashuka kiasi gani basi, haikwambii inakaa muda gani. Usiku mmoja wa -10 ambao mchana wake unapanda mpaka +5 mtende mgumu unauchukulia poa tu, ila wiki nzima ya -6 bila kuyeyuka hata saa moja ni mateso, kwa sababu ardhi yenyewe inaganda, mizizi inashindwa kunyonya maji, na huku juu jua na upepo vinaendelea kuyakausha makuti, kwa hiyo mti unakauka umesimama wakati chini maji yapo tele ila yote barafu.

Alafu kuna kiangazi, yaani ile miezi ya joto ya mwaka. Hili watu wengi hawaliulizi kabisa. Kuna mitende inavumilia baridi ya kutisha lakini inadai joto kali miezi ya jua ili ikue na irudishe nguvu, ukiipanda sehemu ambayo kiangazi chake ni mvua na mawingu inabaki hivyohivyo, kuti moja kwa mwaka ukibahatika, na kila baridi ikipita inazidi kudhoofu. Kwa hiyo andika vitu vinne: kiwango cha chini, baridi inakaa siku ngapi mfululizo, msimu wa baridi ni mkavu au wa mvua, na kiangazi kina joto kiasi gani.

HATUA YA 2: Chagua aina

Kama ndo unaanza, chukua Trachycarpus fortunei. Sihitaji hata kuzunguka. Asili yake ni China, una shina moja lililovaa nyuzi za kahawia kama makumbi, makuti yake ni ya upepeo, na unavumilia mpaka -12 hivi bila kufunikwa, iliyozoea na yenye shina refu inashuka zaidi ya hapo. Robert Fortune, yule Mskoti aliyekuwa anakusanya mimea China miaka ya 1840, aliukuta kisiwa cha Zhoushan ambako zile nyuzi wakulima walikuwa wanazitengenezea kamba na makoti ya mvua, akapeleka miche Uingereza, na jina la fortunei limetoka kwake. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haudai kiangazi cha moto, unakua hata kwenye jua la kuvizia. Shida yake upepo, makuti ni makubwa na ncha zake zinachanika mpaka mti unaonekana kama umepigana. Kama kwenu kuna upepo tafuta ule unaouzwa kwa jina la wagnerianus, ni ndugu yake, makuti madogo magumu ambayo upepo hauyafanyi kitu, na kwa maoni yangu ni mzuri zaidi kwa macho.

Tahadhari kidogo hapo, kwenye sehemu zenye baridi ya wastani huu mtende unajiotea wenyewe kutokana na ndege wanaokula matunda. Kusini mwa Uswisi, jimbo la Ticino, umeingia mpaka misituni, na tangu Septemba 2024 nchi hiyo imepiga marufuku kuuuza. Kwa hiyo angalia sheria za unapoishi, na kama mti wako ni jike (dume na jike ni miti tofauti) kata mashada ya maua kabla hayajafunga matunda.

Bingwa wa baridi kuliko wote ni Rhapidophyllum hystrix, wa kusini mashariki mwa Marekani, iliyokomaa inafika -20 na hata chini kidogo. Ila huu ni kichaka, haupandi juu, na kwenye shina una miiba mirefu kama sindano kwa hiyo usiupande pembeni ya njia wanapopita watoto. Mwenzake wa ukanda huohuo ni Sabal minor ambao shina lake mara nyingi linakaa chini ya ardhi, moyo unakuwa umefukiwa, ndo maana unastahimili -15 mpaka -18. Hii miwili ndo ile niliyosema inadai kiangazi cha joto kali. Kwenye baridi kali na kiangazi cha moto ni miti ya uhakika, kwenye kiangazi cha ubaridi unanunua subira.

Chamaerops humilis unatoka pande za bahari ya Mediterania, unatoa mashina mengi kutoka chini, unavumilia kati ya -9 na -11, na kuna aina yake ya makuti ya rangi ya fedha kutoka milima ya Atlas huko Moroko. Kwa makuti marefu ya mtindo wa mnazi una Butia odorata wa Brazil na Uruguay, kama -9 au -10 hivi, na Jubaea chilensis wa Chile ambao unashindana nao au kuupita kidogo lakini unakua taratibu mno, unapanda wewe anafaidi mjukuu. Phoenix canariensis, ule mkubwa unaouona kwenye picha za hoteli, unaishia -6 mpaka -8, chini ya hapo ni bahati nasibu. Washingtonia filifera unafika huko huko ila baridi iwe kavu, ikilowa unaoza.

Namba zote hizo ni za mti mkubwa, uliokwisha kushika ardhi, kwenye baridi kavu ya muda mfupi. Mche wa miaka miwili hauna ubavu huo hata kidogo. Ukiona mtu anauza miche yenye majani mawili matatu ameandika inavumilia -20, namba inaweza kuwa ya kweli ila ya mama yake. Miche midogo ikuze kwenye chungu miaka mitatu minne kwanza, halafu ndo uishushe ardhini.

Na usije ukauziwa kitu kingine. Cordyline australis wa Nyuzilandi unaitwa mtende kila mahali na sio mtende, yucca nao hivyohivyo, na cycas pia sio. Sio miti mibaya ila tabia zao tofauti, cordyline kwa mfano ukiungua wote juu unaweza kuchipua kutoka chini, mtende wa shina moja hauna huo ufundi.

HATUA YA 3: Chagua mahali

Hewa ya baridi ni nzito, inatelemka na kutulia bondeni, kwa hiyo chini kabisa ya mteremko au nyuma ya ukuta unaozuia hewa kupita ndo panapoganda kwanza. Panda juu kidogo ya mteremko. Ukipata ukuta wa tofali au jiwe unaopata jua mchana, umeshinda nusu ya vita, maana ukuta unakunywa joto mchana na kulitoa usiku. Ukiwa nusu ya kaskazini ya dunia ni ukuta unaoangalia kusini, ukiwa nusu ya kusini ni kinyume chake. Acha mita moja na nusu hivi kutoka ukutani, sio uubanike hapo, na angalia paa lisimwagie maji au theluji juu ya mti.

Angalia pia usiku wa jalidi, ule umande unaoganda, sehemu gani ya bustani yako haibadiliki kuwa nyeupe asubuhi. Tembea tu ukiangalia, nyasi zitakwambia. Hiyo sehemu ambayo imebaki kijani ndo ya mtende wako.

HATUA YA 4: Kupanda

Panda baada ya jalidi ya mwisho kupita, mwanzoni mwa kipindi cha joto, usipande kuelekea baridi hata kama umeona punguzo la bei. Mizizi ya mtende inakua udongo ukiwa na joto, ukiupanda mwishoni mwa msimu unaingia kwenye baridi ukiwa bado na kile kifurushi cha mizizi ya chungu tu, kama mgeni asiyejua hata mlango wa kutokea uko wapi.

Pima kwanza kama maji yanatuama. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama saa kadhaa baadaye yamekwisha uko poa. Kama kesho yake bado kuna kidimbwi, hapo usipande kwenye usawa wa ardhi, tengeneza tuta la mviringo la sentimita 20 mpaka 30 kwa udongo uliochanganywa na changarawe au mchanga mkali, mti uwe juu. Udongo wa mfinyanzi unaoshika maji wakati wa baridi umeua mitende mingi kuliko jalidi yenyewe, hilo nalisema bila kuuma maneno.

Shimo liwe pana mara mbili ya chungu lakini lisiwe na kina zaidi ya chungu, kwa sababu udongo uliochimbuliwa chini unashuka baadaye na mti unazama. Toa mche taratibu, usiifumue mizizi wala kuikatakata, weka usawa uleule uliokuwa kwenye chungu. Kuna watu wanafukia shina ili mti usimame vizuri, usifanye hivyo, shina linaoza. Kama unayumba funga kwenye nguzo mbili kwa kamba laini. Rudisha udongo uleule ulioutoa, usijaze mbolea shimoni, mizizi ikionja utamu hapo ndani haitaki kutoka nje. Mwagilia maji mengi mpaka udongo utulie.

HATUA YA 5: Maji na chakula

Miaka miwili ya kwanza kiangazi maji ni lazima, ya kutosha yazame chini, kisha acha juu pakauke kabla ya kumwagia tena. Wengi wanadhani mtende ni mti wa jangwani, Trachycarpus unapenda sana maji ukiwa unakua, ni kipindi cha baridi tu ndo hautaki miguu iliyolowa.

Mbolea weka kuanzia makuti yanapoanza kusogea mpaka katikati ya kiangazi halafu acha, ukiendelea mpaka mwisho wa msimu unapata makuti laini yasiyokomaa na hayo ndo baridi inayapenda. Tafuta mbolea inayotoka polepole yenye potasiamu ya kutosha na magnesiamu. Makuti yenyewe yatakwambia kinachokosekana. Yale ya chini, ya zamani, yakipata madoa ya njano au rangi ya chungwa na ncha kukauka, potasiamu imepungua. Yakiwa na mkanda wa njano pembeni huku katikati pamebaki kijani, ni magnesiamu. Kama shida iko kwenye kuti jipya, linatoka limejikunjakunja na kudumaa, mara nyingi ni manganizi.

HATUA YA 6: Kukata makuti

Hapa ni pafupi. Kata lililokauka lote kuwa kahawia, acha la kijani, na hata la njano liache kwa sababu mti bado unavuta chakula kutoka humo. Ile mitindo ya kukata makuti mpaka yanabaki matatu yamesimama juu ni kuuvua mti nguo kabla ya baridi, makuti ndo blanketi la moyo. Zile nyuzi za kwenye shina pia ziache, kuna watu wanazinyoa shina libaki laini la kung'aa, kwenye sehemu ya joto ni mapambo, kwenye sehemu ya baridi ni kujitafutia matatizo.

HATUA YA 7: Kuuvalisha kwa baridi

Sasa hapa ndo kwenye kazi, na ndo wengi wanapokosea kwa kufunika kupita kiasi. Mtende mkubwa wa Trachycarpus kwenye sehemu inayoshuka -5 au -6 haudai kufunikwa kabisa, uache upigwe na hewa. Ukiufunga kwenye nailoni miezi mitatu unafuka humo ndani, unyevu hauna pa kutoka, ukija kufungua moyo umeoza na utalaumu baridi bure.

Anza na mizizi. Wiki chache kabla ya baridi kali kuingia tandaza majani makavu, maganda ya miti au nyasi kavu, unene wa sentimita 15 mpaka 20, upana kama mita moja kila upande. Ikitabiriwa baridi ya siku nyingi na udongo umekauka, mwagilia kabla haujaganda, mti uingie ukiwa umekunywa. Sabal minor na wenzake wafupi unaweza kuwafukia kabisa kwenye majani makavu na ukawasahau, theluji ikija juu yake ni nafuu maana theluji yenyewe inazuia baridi isipenye.

Kisha zuia maji kuingia kwenye moyo. Hii kwangu ni namba moja, ukishindwa mengine yote fanya hili. Kusanya makuti uyainue juu, uyafunge kwa kamba laini kama fungu la ukindu, sio kwa kukaza mpaka yavunjike shingo. Juu yake weka kofia ya kuzuia mvua, kipande cha bati la plastiki au ndoo iliyopinduliwa, alimradi pembeni hewa inapita. Sababu yake ni kwamba maji yakitulia kwenye moyo yakaganda usiku, yakayeyuka mchana, yakaganda tena, yanapasua tishu laini, na pale palipopasuka ndo bakteria na ukungu wanapoingilia. Mtende mkavu unavumilia digrii kadhaa chini ya ule uliolowa.

Baridi ikizidi hapo, zungushia kitambaa cha kukinga baridi kinachopitisha hewa, kile cheupe chepesi cha bustanini, tabaka mbili au tatu, au gunia la katani. Shina nalo lizungushie, hasa la mti mchanga. Ukiweka nyasi kavu kati ya makuti na kitambaa unaongeza joto, lakini ziwe kavu kweli.

Kwa wale wanaoishi kwenye -15 na kushuka, au wanaotaka kulea Butia mahali pasipo pa kwake, inabidi uongeze joto. Jenga fremu ya mbao kuzunguka mti, weka mbao za povu gumu pande zote na kifuniko juu, ndani zungushia nyaya za joto au taa za mapambo za balbu za zamani, zile zinazopata moto. Taa za ledi hazifai, zinapendeza tu, joto hazina. Unganisha na plagi ya thamostati inayojiwasha ikikaribia digrii 2 na kujizima ikipita 7 hivi, sio uwashe muda wote, kwa sababu lengo ni moyo usigande, ukiupasha moto unadhani kiangazi kimerudi unaanza kukua wakati nje ni barafu. Na hapa sikiliza vizuri: balbu za moto na nyasi kavu havikai pamoja, hata siku moja. Ukitumia taa toa nyasi, balbu zisiguse makuti wala kitambaa wala lile povu. Waya uwe wa kutumika nje na sehemu unapochomeka iwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja.

Siku zikiwa na nafuu, juu ya digrii sifuri mchana, fungua kidogo mti upumue. Ndo adha ya hii kazi, kufunika sio mara moja kwa msimu.

HATUA YA 8: Ya kwenye vyungu

Mtende wa kwenye chungu ni mdhaifu kuliko wa ardhini wa aina ileile kwa sababu baridi inaingia pande zote na mizizi haina ujasiri wa makuti, wa ardhini ungeshuka -12 wa chunguni unaweza kufa kwenye -6 au -7. Uingize gereji isiyo na hita, au kibarazani penye vioo, joto la digrii 2 mpaka 10 linatosha kabisa. Maji kidogo sana, udongo usikauke kuwa vumbi basi. Usiuweke sebuleni pembeni ya hita, hewa kavu inaleta utitiri wekundu na mti unachanganyikiwa. Kama hauna pa kuuingiza, sogeza vyungu pamoja ukutani, uviinue kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao, uvizungushie makoti ya zamani, magunia, chochote. Na ukiutoa nje baadaye uanzie kivulini wiki moja mbili, jua la ghafla linababua makuti.

HATUA YA 9: Kufungua na kukagua

Jalidi kali ikishapita vua nguo taratibu, chagua siku ya mawingu, na usikate makuti yaliyoungua siku hiyohiyo, baridi ya kuchelewa inaweza kurudi na hata kuti bovu linakinga kidogo.

Kisha fanya jaribio la mkuki. Lile kuti changa la katikati ambalo halijafunguka lishike, livute taratibu, sio kwa hasira. Likikataa kutoka, mtende ni mzima hata kama mengine yote yameungua. Liwekee alama kwa kalamu, na kuti la jirani nalo liwekee alama usawa uleule, baada ya wiki tatu nne za joto ukiona alama zimepishana ujue unakua.

Likitoka mkononi, na chini yake kuna uozo unaonuka, usikate tamaa wala usiung'oe. Vuta kila kilicholegea, safisha, mimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye lile tundu, itatoa povu, iache, na rudia baada ya siku chache mpaka povu lipungue. Wengine wanamalizia na dawa ya ukungu yenye kopa (madini ya shaba), fuata vipimo vya kwenye pakiti, na usiimimine mara kwa mara maana kopa ikizidi nayo inaunguza tishu changa. Kisha weka ile kofia ya mvua tena, moyo ubaki mkavu, na subiri. Kusubiri maana yake ni mpaka kiangazi kiishe. Kuti la kwanza likitoka litakuwa baya, limekatika nusu au limejisokota, hilo ni jema, ni kipande kilichounguzwa kikisukumwa na kilicho hai chini yake.

Kama mpaka mwisho wa joto hakuna kitu, bonyeza shina juu karibu na moyo. Likiwa limelainika na linabonyea, huo umekwenda. Kwa Trachycarpus ni wa kung'oa. Ila kwa Chamaerops na Rhapidophyllum chimbua kidogo chini uangalie kabla hujaleta shoka, hii inatoa mashina mengine kutoka chini, kata lile lililokufa peke yake na uache wadogo zake waendelee.